Mtoro, Mateka na Mkombolewa: Maisha ya Kasisi William Jones wa Rabai na Msamiati wa Uhuru Pwani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya William Henry Jones, mmojawapo wa Waafrika wa kwanza kupewa ushemasi wa Kianglikana katika pwani ya Kenya, na nafasi yake katika makazi ya Rabai ambako mamia ya watumwa waliotoroka walipata hifadhi kabla ya mwaka 1889. Maisha hayo yanasomwa sambamba na msamiati wa Kiswahili uliotumika kueleza utumwa na uhuru, hasa vitenzi teka, toroka, torosha na komboa. Inadaiwa kwamba masimulizi ya uhuru yaliyozoeleka, ikiwa ni pamoja na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), yameegemea mno vitenzi vinavyomfanya mtumwa kuwa mtendwa, na kwamba historia ya Rabai inadai kitenzi toroka kirudishiwe uzito wake.

1.0 Utangulizi

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 pwani ya Afrika Mashariki ilishuhudia kuanzishwa kwa makazi kadhaa ya watu waliotolewa utumwani. Mapadre wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha makazi yao Bagamoyo mwaka 1868. Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ilikuwa na Kiungani na Mbweni kisiwani Unguja, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwapeleka bara baadhi ya watu wa Mbweni wakaishia Masasi. Kaskazini, karibu na Mombasa, chama cha misheni cha CMS kilianzisha Freretown katika miaka ya 1874 na 1875, kikiwa tayari na kituo cha zamani cha Rabai, umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka mjini.

Makazi ya kusini yamezungumziwa sana na wataalamu wa Kiswahili kwa sababu ya kazi za Steere na wenzake katika sarufi, kamusi na ukusanyaji wa ngano. Makazi ya kaskazini yameachiwa zaidi wanahistoria. Strayer (1978) amechunguza jamii za misheni za CMS, Harris (1987) amefuatilia wale waliorudishwa kutoka India, na Morton (1990) amewaweka watoro katikati ya historia ya pwani ya Kenya. Kazi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na shabaha yake si lugha. Hata hivyo, zinafungua swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulikwepa: maneno ambayo jamii ile ilikuwa nayo kwa ajili ya kuelezea uhuru yalimpa nani utendaji, na yalimnyima nani?

Swali hilo linachunguzwa hapa kwa kufuata maisha ya mtu mmoja. Jones alitekwa utotoni, akalelewa ughaibuni, akarudi pwani mwaka 1864, na jina lake likafungamana na Rabai hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maisha hayo karibu kila neno la msamiati wa utumwa lilimgusa, ama yeye mwenyewe ama watu aliowachunga.

2.0 Kutoka Sharanpur hadi Rabai

Jones hutajwa kuwa Myao kwa asili. Alikamatwa akiwa mtoto na kuingizwa katika biashara ya watumwa ya Bahari ya Hindi, kisha akaokolewa na kufikishwa India. Huko CMS ilikuwa na makazi ya Waafrika huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik katika jimbo la Bombay, ambako vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kusoma, dini na ufundi wa mikono. Kutokana na malezi hayo, wale waliorudi Afrika walikuja kujulikana kwa jina la Wabombei.

Wabombei walikuwa kundi la pekee. Kutoka Nasik walitoka pia Jacob Wainwright, aliyefuatana na mwili wa David Livingstone hadi Uingereza, na Matthew Wellington, aliyeishi maisha marefu katika eneo la Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Walikuwa Waafrika kwa nasaba, Wakristo kwa malezi, wajuzi wa Kiingereza na lugha za Kihindi, na mara nyingi walilazimika kujifunza upya, au kujifunza kwa mara ya kwanza, lugha za watu waliotumwa kwao. Majina yao ya Kizungu yaliwatenga na wenyeji. Rangi yao iliwatenga na wamisionari.

Mwaka 1864 Jones, pamoja na Ishmael Semler, alifika Rabai. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Johann Ludwig Krapf mwaka 1846, na wakati huo kilikuwa mikononi mwa Johannes Rebmann, aliyebaki hapo hadi mwaka 1875 akiwa amepoteza uwezo wa kuona. Rabai ya siku hizo haikuwa na waumini wengi. Ilikuwa kituo kidogo kando ya kaya ya Warabai, kikitegemea ridhaa ya wazee wa Kimijikenda waliokizunguka.

Hali ilibadilika baada ya mwaka 1873. Mwezi Juni mwaka huo Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa na serikali ya Uingereza kuhusu jambo hilo, alipendekeza pawepo makazi ya kuwapokea watu watakaotolewa katika majahazi. CMS ilimtuma William Salter Price, aliyekuwa amewalea Waafrika wa Nasik, kuanzisha makazi hayo. Alifika mwishoni mwa mwaka 1874, na makazi mapya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa yakapewa jina la Frere. Wabombei waliitwa kuwa walimu, mafundi, makatekista na wasimamizi.

Uhusiano wao na CMS haukuwa mwepesi. Walitegemewa kwa kila kazi, lakini walilipwa na kuheshimiwa chini ya Wazungu waliofanya kazi hizohizo, nao walilalamika juu ya jambo hilo mara kadhaa. Freretown yenyewe ilipata sifa mbaya kwa sababu ya adhabu kali za viboko chini ya usimamizi wa mlei J. R. Streeter, hata Price akalazimika kurudi mwaka 1881 kurekebisha mambo. Kwa mtu aliyeletwa hapo kwa jina la uhuru, kiboko kilikuwa ushahidi kwamba jina na hali vinaweza kuachana.

3.0 Ushemasi na Safari ya 1885

Mwezi Januari 1885 James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, aliwasili Mombasa. Mwezi Mei mwaka huo aliwapa Jones na Semler ushemasi. Tendo hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana katika orodha ya tarehe. Huko kusini John Swedi, mmoja wa vijana waliopokewa na UMCA Unguja mwaka 1864, alikuwa amepewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyeachwa huru, angefikia daraja ya kasisi mwaka 1890. Kwa hiyo katika pande zote mbili za pwani watu wa kwanza kuvaa vazi la ukasisi wa Kianglikana walitoka miongoni mwa wale ambao jamii iliwaita watumwa.

Mwezi Julai 1885 Hannington aliondoka Rabai na msafara wa watu zaidi ya 200 kuelekea Buganda kwa njia ya Umasai. Jones alifuatana naye. Walipofika Kwa Sundu, mahali panapojulikana leo kama Mumias, askofu aliamua kutangulia na watu 50, akamwachia Jones jukumu la waliobaki. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri iliyotoka kwa Kabaka Mwanga, pamoja na karibu watu wake wote.

Habari zilipomfikia Jones kupitia kwa wachache walionusurika, shemasi wa miezi mitano alijikuta kiongozi wa watu zaidi ya mia moja wenye hofu na njaa, mbali na pwani. Alisubiri kwa majuma kadhaa kupata uhakika, kisha akaurudisha msafara. Tarehe 4 Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno la Kiebrania Ichabod, lenye maana ya kuondokewa na utukufu. Jones aliweka kumbukumbu ya maandishi ya safari hiyo.

Kumbukumbu ya kanisa imemhifadhi Hannington kuwa shahidi wa dini, na mabaki yake yalizikwa Namirembe mwishoni mwa mwaka 1892. Yule aliyewarudisha watu nyumbani wakiwa hai hutajwa kwa nadra. Kwa ajili ya hoja ya makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba Jones alirudi Rabai akiwa mtu ambaye wakazi wa kituo, wengi wao wapagazi wa msafara ule na jamaa zao, walikuwa na sababu ya kumwamini.

4.0 Watoro wa Rabai na Hati za 1889

Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini. Haukuondoa utumwa wenyewe. Katika milki ya Sultani mtumwa aliyemtoroka bwana wake alibaki kuwa mali ya bwana huyo kwa sheria, na balozi wa Uingereza aliitambua sheria hiyo. Wakati huohuo kilimo cha mashamba ya nafaka na minazi kilikuwa kimepanuka Malindi, Takaungu na Mombasa, na mahitaji ya watumwa yalikuwa makubwa. Waliochoka na maisha ya shambani walikimbilia misitu ya nyuma ya pwani, wakaanzisha vijiji vyao. Mojawapo ni Fuladoyo, ambako watoro waliishi pamoja na Wagiriama waliovutwa na mafundisho ya Kikristo. Kijiji hicho kilishambuliwa, na David Koi, mwalimu wao, aliuawa mwaka 1883.

Wengine walikuja Rabai. Kwa nje hawakutofautiana na wageni wengine wa Kimijikenda waliokuja kuomba ardhi ya kulima, hasa wakati wa njaa. Walijenga, wakalima, wakahudhuria mafundisho, wakaoa na kuzaa. CMS mara kwa mara iliagiza watoro wasipokewe, kwa kuogopa hasira ya wenye watumwa wa Mombasa, ambao mwaka 1880 walikuwa wametishia kuivamia Freretown. Lakini agizo lililoandikwa mezani na utekelezaji wake katika kituo cha bara ni mambo mawili. Katika miaka hiyo viongozi Waafrika, Jones akiwa wa mbele, ndio waliokuwa karibu zaidi na maisha ya kila siku ya Rabai. Nao hawakumfukuza mtu kwa sababu alikuwa mtoro.

Mwaka 1888 jambo hilo lilifika mahali pasipoweza kufichika. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake ya kifalme mwezi Septemba, na mwakilishi wake, George Mackenzie, aliwasili Mombasa mwezi Oktoba. Upande wa kusini, katika ukanda uliochukuliwa na kampuni ya Kijerumani, vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri vilikuwa vimekwisha kuwaka. Mwezi Januari 1889 hata kituo cha Wabenediktini cha Pugu, nje ya Dar es Salaam, kingeshambuliwa na wamisionari kuuawa. Mackenzie aliogopa moto huo usifike Mombasa. Wenye watumwa walimweleza kwamba malalamiko yao makubwa ni watumwa wao waliohifadhiwa na misheni.

Uchunguzi ulifanywa katika vituo vya CMS na vya Wamethodisti. Price, aliyekuwa amerudi pwani mwaka huo kwa mara ya tatu, alikuta hesabu iliyozidi matarajio ya wakuu wa chama chake. Watoro waliohesabiwa katika vituo vyote walikuwa 1,421, na sehemu kubwa yao waliishi Rabai. Kuwarudisha kungekuwa fedheha kwa misheni. Kuwaacha bila suluhu kungekuwa uchokozi kwa wenye nguvu wa pwani. Mackenzie aliamua kuwalipa fidia mabwana. Zilipatikana takriban pauni 3,500 kutoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza na wafadhili wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889 watoro walikusanyika Rabai na kukabidhiwa hati za uhuru.

Sherehe ile imesifiwa kama tendo kubwa la hisani, na kwa waliopokea hati bila shaka ilikuwa siku ya faraja: hawangelala tena wakisikiliza hatua za watu wa kuwafuata. Hata hivyo ilikuwa na upande wa pili. Masharti yaliyoambatana na suluhu hiyo yalikuwa kwamba misheni isipokee watoro tena. Mlango uliokuwa wazi kwa siri ulifungwa kwa hadhara. Waliofika kabla ya siku ile wakawa huru. Aliyefika siku chache baadaye akabaki mtoro.

Jones aliendelea na utumishi wake. Mwaka 1895, baada ya miaka kumi ya ushemasi, alifikia daraja ya kasisi. Utumwa wa kisheria katika pwani ya Kenya ulikomeshwa mwaka 1907, miaka kumi baada ya amri kama hiyo kutolewa Unguja na Pemba.

5.0 Teka, Toroka, Torosha, Komboa

Maelezo yaliyotangulia yanawezesha kuuangalia msamiati kwa makini zaidi. Neno la msingi, mtumwa, limetokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: mtumwa ni anayetumwa. Kutoka katika mzizi huohuo lugha imepata mtume, neno lenye heshima kubwa katika Uislamu na Ukristo. Tofauti ya maneno hayo mawili haiko katika kutumwa, kwani wote wawili wametumwa. Iko katika nani aliyetuma na kwa hadhi gani. Jones alitumwa Rabai na chama chake akiwa mjumbe wa Injili, na katika mishahara na vyeo alikumbushwa mara kwa mara kwamba kutumwa kwake hakukulingana na kutumwa kwa wenzake Wazungu. Maisha yake yaliangukia katikati ya maneno hayo mawili.

Neno la pili ni mateka, kutoka teka. Katika jamii ya Freretown watu waliotolewa katika majahazi na kuletwa makazini hutajwa kwa jina hilo, na hivyo kutofautishwa na Wabombei. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu aliyekwisha kuachwa huru aliendelea kuitwa kwa tendo la kukamatwa kwake. Jina lilimbakisha katika wakati wa kutekwa, kana kwamba mengine yote yaliyofuata yalikuwa nyongeza.

Neno la tatu ni mtoro, kutoka toroka. Hapa muundo unabadilika. Toroka ni kitenzi sielekezi ambacho mtenda wake ni yule anayeondoka. Mtumwa hutekwa, huuzwa, hununuliwa, hupigwa, huokolewa, huachwa huru. Lakini hutoroka yeye mwenyewe. Miongoni mwa vitenzi vikuu vya uwanja huu wa maana, toroka kinajitokeza kwa kumpa mtumwa nafasi ya mtenda pasipo kuhitaji mwingine. Inaelekea ndiyo sababu neno mtoro lilibeba lawama. Hadi leo shuleni mtoro ni mwanafunzi mwenye kosa, anayekwepa wajibu. Kiini cha kosa lake ni kuondoka bila ruhusa ya mwenye mamlaka. Lawama hiyo ya kale imehamia katika mazingira mapya bila kubadilika sana.

Ugomvi wa 1888 unaweza kuelezwa kwa tofauti ya viambishi tu. Kwa upande wa mabwana, shtaka lilikuwa kwamba misheni inawatorosha watumwa. Kwa upande wa misheni, jibu lilikuwa kwamba watu hao wametoroka wenyewe, na wengine walikuja wakijitambulisha kuwa Wamijikenda huru. Kiambishi cha kutendesha katika torosha kinamhamisha mtenda: mwenye kitendo si mtumwa tena bali ni anayemshawishi. Shtaka hilo lilikuwa na faida kwa mabwana, kwa kuwa lilikanusha uwezekano kwamba mtumwa wao angeweza kuwa na shauri lake. Mfano wa Rabai unaonyesha kwamba watu walitoroka kwanza, na hifadhi ikaja baadaye. Jones na wenzake hawakuwatorosha, walikataa kuwarudisha. Tofauti hiyo ni ndogo kisheria lakini ni kubwa kimaadili.

Neno la nne ni komboa. Maana yake inayoshikika zaidi ni ya fedha: kukomboa ni kulipa ili kukirudisha kilichowekwa rehani au kilichoshikwa na mwingine. Kilichofanyika tarehe 1 Januari 1889 kilikuwa ukombozi kwa maana hiyo halisi: mabwana walilipwa, na watu wakaachiliwa. Katika mahubiri ya Kikristo neno hilohilo lilikwisha kupata maana ya kiroho, Mkombozi akiwa ndiye aliyelipa kwa ajili ya wengine. Kwa mtoro wa Rabai maana hizo mbili zilikutana siku moja. Aliyehubiriwa habari za kulipiwa aliona fedha zikilipwa kwa ajili yake.

Lakini komboa kina mtego. Kulipa fidia ni kukiri kwamba aliyelipwa alikuwa mmiliki wa haki. Mtoro alikuwa amekataa dai hilo kwa miguu yake. Hati ya ukombozi ililithibitisha kwanza ndipo ikalifuta. Kwa kauli ya sarufi, mtenda wa toroka aligeuzwa kuwa mtendwa wa komboa: kutoka mtoro akawa mkombolewa. Karne iliyofuata lugha ya siasa ililipindua neno hili. Katika vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, ambavyo vingi vilikuwa na ofisi Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970, ukombozi ulikuja kuwa tendo la wanaodhulumiwa wenyewe, na kauli ya kujikomboa ikapata nguvu. Maana hiyo mpya imeirudisha komboa karibu na toroka.

6.0 Uhuru wa Watumwa na Mtazamo wa Manowari

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, ni miongoni mwa masimulizi marefu ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili yaliyoandikwa na Mwafrika. Mwandishi alitoka katika jamii ya Freretown, na anasimulia yaliyowapata wazee wake: kutekwa bara, safari ya kwenda pwani, jahazi, kufukuziwa na manowari ya Kiingereza, na hatimaye kuletwa makazini. Wahakiki wengi wamekilaumu kwa sifa nyingi kinazowamiminia Waingereza. Lawama hiyo ina msingi, lakini haitoshi. Mbotela alieleza uhuru kama jamii yake ilivyoupata. Kwa mateka wa Freretown manowari haikuwa propaganda. Ndiyo iliyowatoa chini ya sitaha.

Tatizo halimo katika ukweli wa simulizi bali katika kulifanya simulizi hilo kuwa mfano wa uhuru wote. Jina lenyewe la kitabu, kwa kutumia wingi usio na mpaka, linawajumlisha watumwa wote katika njia moja ya kuokolewa. Mfuatano wa matukio, kutoka kutekwa hadi kuokolewa, unamfanya mtumwa kuwa mtu ambaye mambo humfika. Muundo wa namna hiyo unaonekana pia katika tawasifu ya Padre Petro Kilekwa wa UMCA, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1937, ambamo kijana anatolewa katika jahazi na meli ya kivita na hatimaye anafikia ukasisi. Simulizi ya manowari ilikuwa na wachapishaji na wasomaji tayari. Simulizi ya mtoro haikuwa nao. Aliyetoroka alikuwa na sababu ya kunyamaza: hadi mwaka 1889 usalama wake ulikuwa katika kutojulikana, na baada ya hapo jina la mtoro halikuwa la kujivunia mbele ya watoto.

Ndipo maisha ya Jones yanapopata umuhimu wa kifasihi. Yeye mwenyewe alikuwa wa kundi la waliookolewa. Historia yake binafsi ingeweza kusimuliwa yote kwa kauli ya kutendwa: alitekwa, aliuzwa, aliokolewa, alipelekwa, alifundishwa, alibatizwa, alitumwa. Lakini alipofika Rabai alikutana na watu waliofuata njia nyingine, wasiosubiri manowari, naye akasimama nao dhidi ya maagizo ya chama kilichomlea. Katika kituo kimoja aina mbili za uhuru ziliishi pamoja, ule wa kupewa na ule wa kujitwalia, na aliyepewa ndiye aliyemlinda aliyejitwalia.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msamiati wa utumwa na uhuru katika Kiswahili si chombo kisichoegemea upande. Vitenzi vyake vinagawa utendaji, na mgawo huo umeathiri namna historia inavyosimuliwa. Kwa kufuata teka, toroka, torosha na komboa katika mazingira yao halisi ya Rabai, inadhihirika kwamba hati za 1889 hazikuanzisha uhuru wa watu 1,421; zilitambua, kwa bei na kwa masharti, uhuru ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuuishi, wengine kwa miaka.

Mambo mawili yanastahili kufuatiliwa. La kwanza ni usomaji mpya wa Uhuru wa Watumwa utakaokiweka kando ya historia ya watoro badala ya kukihukumu kwa kipimo cha uzalendo peke yake. La pili ni ukusanyaji wa msamiati na masimulizi miongoni mwa familia za Rabai, Kisauni na vijiji vya bonde la Sabaki. Kengele ya Freretown bado imelipa mtaa wa Kengeleni jina lake, na kila apitaye hulitaja. Fuladoyo na vijiji vingine vya watoro havikuachiwa alama ya namna hiyo mjini. Habari zao zimo katika nasaba, katika majina ya mashamba na katika maneno ya wazee, na kazi ya kuzikusanya ni ya idara za Kiswahili sawasawa na za historia.

Kuhusu Jones mwenyewe, wadhifa wa kasisi aliupata baada ya zaidi ya miaka thelathini tangu alipofika pwani kwa mara ya kwanza. Kazi iliyompa haki ya kukumbukwa aliifanya kabla ya hapo, akiwa shemasi tu, kwa kutowataja watoro mbele ya wale waliowatafuta.